Nanunua chupa ya maji tu, pasi yangu ya ndege ya nini?

Abiria wa Dirishani

Wakuu, salamu. Nina dukuduku limenikaa wiki nzima, naomba niliteme hapa.

Juzi nilikuwa safarini. Nimeshapita ukaguzi, mkanda nimeurudisha kiunoni, viatu nimevaa, koo limekauka. Nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikachukua chupa ya maji na kijitabu cha mafumbo. Kufika kaunta, binti wa watu hata hajaangalia nilichoshika, akaninyooshea mkono: "Pasi ya kupandia ndege, tafadhali." Nikampa. Akaipitisha chini ya kile kimashine chenye taa nyekundu, kikalia tii, akanirudishia. "Una barua pepe tukutumie risiti?" Nikaitaja, tena kwa kutamka herufi moja moja ili asikosee. "Na namba ya simu?"

Hapo ndipo akili iliporudi. Maji! Nimenunua maji!

Nikasema simu sina, huku nimeishika mkononi. Akacheka, nami nikacheka, nikaondoka na aibu yangu.

Binti sina ugomvi naye, katumwa. Nimejikasirikia mwenyewe. Mtaani muuza duka akiniomba kitambulisho ndipo aniuzie maji, ningemuuliza kama kalala vizuri. Mle ndani nilitoa pasi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nadhani ni kwa sababu tangu mlangoni kila mwenye sare anaidai: wa mizigo, wa ukaguzi, wa uhamiaji. Ukifika dukani mkono umeshazoea kutoa wenyewe.

Wenye kujua mtufungue macho. Ni sheria? Na wanaipeleka wapi?

Kaunta Namba Nne

Mkuu, nimekaa upande wa pili wa hiyo kaunta miaka mitatu, kwa hiyo nitakujibu ninachokijua.

Kuna sehemu ambayo ni halali kabisa. Pombe na sigara zisizotozwa ushuru anauziwa anayetoka nje ya eneo la kodi. Anayeruka kwenda mji mwingine wa nchi hiyohiyo hastahili ile bei. Forodha wanataka duka lionyeshe kwamba chupa ile iliondoka na mtu anayeondoka kweli, na pasi ndiyo ushahidi. Hapo ukikataa huuziwi kwa bei hiyo, na keshia hana la kufanya, usimfokee bure.

Maji, gazeti, chingamu, dawa ya kichwa: kwetu hakuna ofisa wa forodha aliyewahi kuuliza. Lakini mashine ni ileile moja. Ukianza mauzo mapya, kitu cha kwanza kutokea kwenye skrini ni kisanduku kikubwa: soma pasi. Pembeni kabisa kuna kitufe kidogo cha kijivu, "abiria hana pasi". Ukikibonyeza mauzo yanaendelea kama kawaida. Tatizo ni kwamba mwisho wa zamu msimamizi anaona umekibonyeza mara ngapi, na ukizidisha unaitwa chemba. Kwa hiyo usitegemee keshia akutajie kitufe hicho.

Habari ya barua pepe nayo ilikuwa na lengo la siku. Mwenzangu mmoja alikuwa anafikisha kila siku. Tulikuja kugundua nusu ya barua pepe alizoingiza alizitunga mwenyewe.

Mzee wa Siti ya Nyuma

Vijana mna muda. Jina langu limeandikwa kwenye begi, limeandikwa kwenye pasipoti, shirika la ndege linalo, uhamiaji wanalo, na nimepigwa picha na kamera zisizo na idadi tangu maegesho. Halafu nikifika kwa muuza maji ndio nianze kujificha? Na mleta uzi, bila shaka ulilipa kwa kadi. Sasa ulidhani hawakujui?

Mimi nikiombwa natoa, nanunua, naenda zangu kutafuta soketi ya kuchajia simu. Ndiyo kitu adimu mle ndani.

Fundi Mitambo

Mzee wangu shikamoo. Naomba nikuonyeshe hicho ambacho huna haja ya kukificha.

Pasi za ndege zinafuata kiwango kimoja cha IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Zamani zilikuwa na utepe wa sumaku mgongoni. Kufikia mwisho wa 2010 mashirika wanachama yalikuwa yamehamia kwenye msimbo pau, yaani bakodi. Ule mchoro wa mistari iliyobanana kwenye karatasi unaitwa PDF417. Kwenye simu utaona mraba, QR au Aztec. Watu wanadhani mle ndani kuna namba fulani isiyosomeka mpaka kwa mitambo ya uwanja. Hapana. Ni maandishi ya kawaida, hayakufungwa kwa ufunguo wowote. Programu yoyote ya bure ya kusoma bakodi inayafungua.

Nimechukua pasi yangu ya zamani sasa hivi, simu ya kawaida kabisa. Imetoka mstari mmoja. Unaanza na M1: M ni aina ya muundo, 1 ni kwamba safari ina kipande kimoja. Linafuata jina langu, ambalo limetengewa nafasi 20 tu (ndiyo maana sisi wenye majina marefu tunakatwa mkia). Kisha namba ya buking. Kisha herufi tatu za uwanja niliotoka, tatu za niliokwenda, shirika, namba ya ndege. Kisha 226, ambayo ni siku ya 226 ya mwaka, yaani 14 Agosti. Kisha Y, daraja la walalahoi. Kisha 023F, kiti changu. Kisha 0087, maana yake nilikuwa wa 87 kujiandikisha. Sehemu ya lazima kwa safari ya kipande kimoja ni herufi 60 kwa jumla. Baada ya hapo shirika linaruhusiwa kuongeza mambo yake, na hapo mara nyingi ndipo inapokaa namba yako ya uanachama wa kukusanya maili.

Namba ya pasipoti haimo. Namba ya simu haimo. Tusitishane bure.

Sasa chukua maelezo ya Kaunta Namba Nne. Forodha wanataka kujua unaruka kwenda wapi, lini, na ndege gani. Hesabu: tatu za mwisho wa safari, tatu za shirika, tano za namba ya ndege, tatu za tarehe. Herufi 14. Mashine inasoma zote 60, na ni programu ya duka inayoamua izihifadhi zipi. Wewe uliyesimama pale na maji yako hiyo programu huioni.

Suala la kadi: benki yako inajua umelipa dukani kiasi gani. Haijui umenunua nini. Duka linajua umenunua nini, ila risiti yao inaonyesha tarakimu za mwisho za kadi tu. Pasi ndiyo inayokuja kuunganisha jina, safari na bidhaa kwenye mstari mmoja.

Mama Begi Moja

Nilikuwa msomaji tu, lakini kwa hili kunyamaza siwezi.

Miaka kadhaa nyuma niliingia duka la dawa mle ndani ya uwanja, nikachukua kipimo cha ujauzito. Nilikuwa na sababu zangu, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikakificha chini ya pakiti ya tishu, mnajua wenyewe wanawake tunavyofanya. Keshia akaomba pasi. Nikampa bila kufikiri, kama mleta uzi. Mashine ikalia, jina langu likatokea kwenye skrini yake, na yeye kwa ukarimu wake wote akalisoma kwa sauti: "Safari njema, Bi Fulani!" Jina kamili. Nyuma yangu foleni ya watu sita, wawili kati yao wafanyakazi wenzangu tunaosafiri pamoja kikazi.

Huyo keshia alifundishwa kwamba mteja anafurahi akiitwa jina. Simlaumu. Lakini Mzee wa Siti ya Nyuma, ukisema huna cha kuficha, kumbuka hujawahi kusimama pale na kile nilichoshika mimi.

Mzee wa Siti ya Nyuma

Mwanangu hapo umenikamata. Hilo la kusoma jina kwa sauti ni utovu wa adabu, mashine au si mashine.

Kikokotoo

Jamani mnazunguka mbuyu. Fuateni hela.

Uingereza, Agosti 2015, gazeti la The Independent liliandika habari iliyowakasirisha abiria wengi. VAT yao ni 20%. Kitu kinachouzwa pauni 6, pauni 1 ndani yake ni VAT. Wakati ule mnunuzi aliyekuwa anaruka kwenda nje ya Umoja wa Ulaya alisamehewa kodi hiyo, lakini duka lilipaswa kuwa na ushahidi wa anakokwenda. Ushahidi ni nini? Tii! Pasi. Sasa utamu wake: bei kwenye rafu ilikuwa moja kwa wote. Baadhi ya maduka hayakumrudishia abiria ile pauni, yakabaki nayo. Abiria akadhani anaskaniwa kwa ajili ya usalama, kumbe anasaidia duka kudai msamaha wa kodi.

Habari ilipotoka watu wakaanza kugoma kaunta. Hata David Gauke, waziri katika Hazina ya nchi hiyo, akasema msamaha ule ulikusudiwa kumpunguzia msafiri bei.

Na kuna mwendelezo ambao wengi hawaujui. Tangu 1 Januari 2021, baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, Uingereza ilibadili utaratibu. Pombe na tumbaku bila ushuru zikafunguliwa hata kwa wanaokwenda nchi za Umoja huo, ila msamaha wa VAT kwa vitu kama nguo na vifaa vya umeme vinavyouzwa uwanjani ukafutwa. Kwa hiyo ukinunua chaja kule leo, ile sababu ya VAT haipo tena. Wakikuomba pasi waulize ni ya nini.

Kaunta Namba Nne

Kikokotoo umegusa, ila kuna hela nyingine kubwa zaidi ya VAT.

Duka la uwanjani kwa kawaida halilipi kodi ya pango kama duka la mtaani. Mkataba unakuwa asilimia fulani ya mauzo, pamoja na kiwango cha chini ambacho lazima ulipe hata usipouza. Kwa hiyo mwenye uwanja na mwenye duka wote wanataka kujua abiria wa ndege ipi wananunua, na wa ipi wanapita tu. Asubuhi tulikuwa tunabandikiwa karatasi chumba cha mapumziko: ndege ya saa nne inanunua manukato, sogeza meza ya manukato mbele; ndege ya saa sita ni ya watalii wanaorudi kwao, weka chokoleti za zawadi; fulani anayejua lugha yao akae kaunta ya kwanza. Yote yalitoka kwenye zile tii.

Na nisiwe mnafiki, ilisaidia. Foleni ilipungua, watu walipata walichotaka. Lakini kwa kazi hiyo jina la mtu halina faida yoyote. Namba ya ndege inatosha.

Wakili wa Kijiweni

Nimechelewa kuingia. Kuhusu sheria kwa kifupi.

Inayotajwa zaidi ni GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018. Ibara ya 5 inasema taarifa zinazokusanywa ziishie kwenye zile zinazohitajika kwa kusudi lenyewe. Rudini kwenye hesabu ya Fundi Mitambo, 14 dhidi ya 60. Ibara ya 13 inataka uambiwe wakati uleule unaotoa taarifa: nani anachukua, kwa nini, atakaa nazo muda gani. Kibango cha maandishi ya chungu nyuma ya rafu ya miwani mimi nisingekiita kuambiwa. Ukitoa barua pepe kwa ajili ya risiti na wao wanataka kuitumia kwa matangazo, lazima upewe nafasi ya kukataa palepale. Wakivunja kanuni hizi za msingi, faini inaweza kufika euro milioni 20 au 4% ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote, ipi kubwa.

Ibara ya 15 ndiyo niipendayo: una haki ya kuomba nakala ya kila walichonacho kuhusu wewe, na wana mwezi mmoja wa kukujibu, ingawa ombi likiwa gumu wanaweza kuongezewa muda.

Mpanda Ngazi

Wakili, mimi niliitumia hiyo ibara. Duka silitaji. Niliandika barua pepe ya mistari mitatu, nikaambatanisha risiti. Wakaniomba kwanza kitambulisho kuthibitisha kwamba mimi ni mimi (ndiyo, nilicheka). Siku 26 baadaye nikaletewa jedwali.

Safari tano, miaka miwili. Kila mstari una tarehe, saa na dakika, namba ya ndege, kiti, nilichonunua. Kiti! Wanajua siku ile nilikaa katikati. Kuna mstari unaonyesha saa 11:42 alfajiri nilinunua dawa ya kuhara na biskuti kavu, na dakika tisa baadaye nimerudi kuongeza maji ya chumvichumvi. Ile safari nilikuwa nimeshaisahau. Jedwali halikusahau.

Kosa lenyewe sikuliona, na sikukuta mahali palipoandikwa kwamba wameuza taarifa zangu. Niliomba wafute, wakafuta, au ndivyo walivyoandika. Ila kulisoma tumbo langu likiwa limepangwa kwa mpangilio wa tarehe, sijui niiteje hali ile.

Fundi Mitambo

Mpanda Ngazi hilo jedwali lako ni la kuwekwa fremu.

Kuna jambo niliacha juu. Namba ya buking. Ni herufi na tarakimu sita, na kwenye tovuti za mashirika mengi ukiwa nayo pamoja na jina la ukoo unafungua buking nzima: mawasiliano, safari ya kurudi, pengine na taarifa za pasipoti. Kwa maneno mengine hizo sita ni nenosiri, na tunalichapisha kwenye karatasi. Desemba 2016, kwenye mkutano wa wadukuzi wa Hamburg, Karsten Nohl na Nemanja Nikodijevic walionyesha jukwaani jinsi mifumo ya buking ilivyo dhaifu kwa sababu hiyo hiyo; ni mifumo iliyojengwa enzi ambazo intaneti ya watu wote haikuwepo.

Mnataka mfano wa mtu mkubwa? Tony Abbott, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia. Machi 2020 aliweka picha ya pasi yake kwenye Instagram. Kijana mmoja akaisoma namba ya buking kwenye picha, akaingia tovuti ya shirika, na ndani ya msimbo wa ukurasa akakuta namba ya pasipoti ya mheshimiwa na ya simu. Alitoa taarifa kwa wahusika kwanza, tatizo likarekebishwa, ndipo akasimulia Septemba mwaka huo. Abbott mwenyewe hakukasirika, alimpigia simu akataka kuelewa zaidi mambo ya kompyuta. Nilimheshimu kwa hilo.

Duka likihifadhi herufi zote 60, lina jina na hizo sita. Simaanishi keshia ataingia kwenye buking yako. Namaanisha kompyuta ya duka ikidukuliwa kabla hujaruka kurudi, aliyeidukua anaweza kuingia.

Mzee wa Siti ya Nyuma

Sasa mimi pasi zangu zote huwa naziacha kwenye mfuko wa kiti, pamoja na maganda ya karanga.

Fundi Mitambo

Mzee! Chana. Chana katikati ya msimbo, na ile namba ya buking pia. Maganda acha.

Na wanaotumia simu: msimkabidhi keshia simu iliyofunguliwa. Ielekeze mwenyewe kwenye mashine, au punguza mwanga tu mashine ishindwe kusoma, utaona wanavyokuruhusu upesi.

Mama Begi Moja

Mimi siku hizi nauliza swali moja tu, kwa upole: "Bila pasi inawezekana?" Mara nyingi inawezekana. Waliokataa walikuwa wa pombe, na hao Kaunta Namba Nne keshawaeleza.

Abiria wa Dirishani

Mrejesho, wakuu. Nimerudi jana. Uwanja uleule, duka lilelile, keshia mwingine, kaka wa makamo mwenye miwani. Maji tena, maana ndiyo yaliyonileta hapa.

"Pasi yako tafadhali."

"Ya nini, kaka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake. "Ni mfumo."

Nikamwambia nanunua maji tu, pasi sitatoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimeshakariri mpaka ibara ya 5. Hakubisha hata neno. Kidole kikaenda moja kwa moja pembeni ya skrini. Kaunta Namba Nne, kitufe ni cha kijivu kweli. Barua pepe hakuuliza tena.

Nikachukua chenji yangu nikageuka. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja na gazeti kwapani. Pasi ameshaikunjua, ameishika kwa mikono miwili, anangoja zamu yake.